Familia za herufi au orodha za mada: mtoto anayesubiri kidato cha kwanza umpe ipi?

Mwezi wa kumi mwaka jana jirani yangu mmoja hapa Tandika alikuja barazani kwangu jioni, mkononi ana madaftari mawili. Mwanawe alikuwa amefanya mtihani wa darasa la saba mwezi Septemba. Kama watoto wengi wa Dar es Salaam waliosoma shule za msingi za Kiswahili, alikuwa na miezi michache tu ya kujiandaa kabla ya kuingia darasa ambamo baiolojia, fizikia na jiografia vyote vinafundishwa kwa Kiingereza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Karibu kiti."

Alikuwa amemjaribisha kijana kwenye tuisheni mbili, wiki mbili huku na wiki mbili kule. Daftari la kwanza lilipangwa kwa mada: matunda, vyombo vya jikoni, viungo vya mwili, sokoni, kituo cha basi. La pili lilipangwa kwa herufi. Ukurasa mmoja ulikuwa na maneno yote yenye "ight", mwingine yote yanayoanza na "kn", mwingine yenye "ough", na kuendelea hivyo hadi katikati ya daftari.

"Hela yangu inatosha sehemu moja tu," akasema. "Nimpeleke wapi?"

Swali hilo naulizwa kila mwaka msimu huu ukifika, na si na wazazi peke yao. Vijana wa bodaboda, mama wenye maduka, karani anayetafuta kupanda cheo, wote hulileta kwa namna yao. Kwa hiyo nayaweka madaftari yale mawili ubavu kwa ubavu hapa, nionyeshe kila moja linatoa nini na linanyima nini.

Siku ile sikumjibu kwanza. Nilimwita kijana, nikamkalisha kwenye mkeka, nikampa imla ya maneno kumi, matano kutoka kila daftari. Maneno ya mada aliyajua maana bila kusita. Nikisema "spoon" anaonyesha kijiko, nikisema "knife" anafanya kama anakata kitunguu. Lakini kwenye karatasi kijiko kilikuwa "spun", kisu kilikuwa "naif" na mkate ulikuwa "bred". Tukaja kwenye maneno ya herufi. "Night", "flight", "bright", "knight", yote aliyaandika sawasawa, mwandiko mzuri, bila kufuta. Nikamuuliza, "Na 'knight' maana yake nini?" Akafikiri kidogo. "Ni usiku mwingine, mwalimu."

Mama yake alinitazama. Tofauti yote ya madaftari yale ilikuwa pale mkekani.

Mtoto anayesoma vizuri Kiswahili anakwama wapi

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishazijua silabi, hakuna neno litakalomshinda kulisoma hata kama maana yake haijui. Mwandikie "kuparaganyika", atalisoma. Miaka saba amefundishwa kuiamini herufi, na herufi haijawahi kumwangusha. Halafu siku ya kwanza ya sekondari anakutana na "knife", anaisoma kwa uaminifu uleule, k-ni-fe, na darasa zima linacheka. Nimewaona watoto walionyamaza muhula mzima kwa sababu ya kicheko kimoja cha namna hiyo. Hawakuwa wazito. Walikuwa wanatumia kanuni iliyowafikisha hapo.

Mzazi ajue, na mtoto aambiwe, kwamba herufi zile zisizosikika hazikuwekwa kumtesa mtu. Zamani zilisikika. K ya "knee" na "knife" ilitamkwa vinywani mwa Waingereza hadi karibu karne ya 17, na Wajerumani mpaka leo goti wanaliita Knie, k ikisikika. Gh ya "night" na "light" ilikuwa sauti ya kooni, jamaa ya kh ya Kiarabu. Baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, makarani waliozoea uandishi wa Kifaransa ndio walioisambaza desturi ya kuiandika gh. Mwaka 1476 William Caxton akafungua mtambo wa kuchapa vitabu huko Westminster. Tahajia ikaanza kuganda kwenye karatasi, huku midomo ya watu ikiendelea na safari yake. Karne chache baadaye kalamu na mdomo vilikuwa vimeachana kabisa.

Sisi wenyewe tunalo jambo kama hilo. Ni wangapi hapa mjini wanaosema "gali" na "gafla", lakini wakishika kalamu wanaandika "ghali" na "ghafla"? Sauti imewatoka mdomoni, herufi imebaki. Nikimweleza mtoto hivyo, naona uso wake unafunguka. Kiingereza kinaacha kuwa uchawi, kinakuwa lugha yenye historia.

Daftari la mada

Uzuri wake ni kwamba linafanya kazi siku hiyohiyo. Mtoto aliyejifunza "kituo cha basi" jioni, asubuhi anapanda mwendokasi Kimara na kila anachokiona kina jina. Maneno yanakuja na maana, maana inakuja na picha, na picha inakuja na sentensi. Anayetaka kuzungumza aanzie hapa, na sina mjadala kuhusu hilo. Lugha ya mdomo haihitaji kujua kwamba "knife" ina k.

Udhaifu wake wa kwanza ni huo tuliouona kwenye imla. Mada haiheshimu herufi. Ukurasa mmoja wa jikoni una "knife", "spoon", "plate", "saucepan" na "kettle", kila neno na kanuni yake ya kuandika, na hakuna hata moja linalolisaidia jingine. Mtoto anabebeshwa mizigo mitano isiyofungwa kwenye kamba moja.

Udhaifu wa pili wengi hawautarajii. Tunadhani ukimfundisha mtu matunda yote kwa pamoja, au rangi zote kwa pamoja, atayashika kirahisi kwa kuwa yana uhusiano. Mwaka 1993 mtafiti aitwaye Thomas Tinkham alijaribu jambo hilo kwa maneno ya kubuni yaliyopewa maana, na mwaka 1997 Rob Waring akalirudia kwa wazungumzaji wa Kijapani. Wote wawili waliona kwamba maneno ya kundi moja la maana, yakifundishwa mara moja, yalichukua muda mrefu zaidi kushikwa kuliko maneno yasiyohusiana. Yanagongana kichwani. Nami nimeliona hilo barazani miaka mingi. Mtoto aliyefundishwa "left" na "right" dakika ileile atayachanganya mwezi mzima, wakati aliyefundishwa "right" wiki hii na "left" wiki ijayo hayachanganyi kamwe.

Daftari la herufi

Hili linatoa kitu ambacho la mada haliwezi kutoa: ukishika neno moja, umeshika familia. Mtoto akielewa kwamba "ight" husomeka "ait", basi "night", "light", "right", "fight", "might", "sight", "tight", "bright", "flight" na "slight" yote yamefunguka kwa ufunguo mmoja. Anayaandika bila hofu. Mtoto wa kidato cha kwanza anaandika kutwa nzima, ananakili kutoka ubaoni, anajibu majaribio kwa maandishi, kwa hiyo kuondokewa na hofu ya kalamu ni nusu ya safari yake.

Kasoro ya kwanza ni kukosa maana. Kijana wetu aliandika "knight" vizuri bila kujua kwamba ni askari wa farasi wa enzi za kale huko Ulaya. Walimu wengine hujaza ukurasa ili upendeze, wakachomeka "blight" na "plight", maneno ambayo mtoto hatakutana nayo mpaka afike mbali sana. Mimi naona ukurasa wa maneno sita anayoyahitaji unauzidi ukurasa wa maneno ishirini ya mapambo.

Kasoro ya pili ni kufanana kwenyewe. Mtafiti Batia Laufer, ambaye ameandika kuhusu jambo hili tangu miaka ya 1980, alionyesha jinsi wanafunzi wanavyoyachanganya maneno yanayofanana sura, wakalisoma moja wakidhani ni jingine. Kumwekea mtoto "though", "through", "thought", "thorough" na "tough" kwenye ukurasa mmoja, siku moja, ni kumtupa kwenye kizaazaa. Kwa hiyo anayechagua daftari la herufi ana kazi ya ziada, achague ni familia zipi zianze na zipi zisubiri. Hapo ndipo tuisheni nyingi zinapokosea, na hapo ndipo nitakaa kidogo.

Familia zipi zianze

Kwangu, ya kwanza ni "tion". Fungua karatasi yoyote ya mtihani wa sekondari utazame ukurasa wa juu: "examination", "instructions", "section", "question". Mtoto hajafika hata kwenye swali la kwanza, familia hii imeshamsalimia mara nne. Akiingia kwenye baiolojia anakuta "classification", "respiration", "reproduction". Na sauti yake tayari anayo. Kila Mswahili anajua stesheni, operesheni na promosheni. Ukimwambia kwamba ile "sheni" ya mwisho wenyewe huiandika t-i-o-n, umempa "station", "operation" na "promotion" bila kumfundisha neno hata moja jipya.

Njia hii ya kupitia maneno tuliyoazima ndiyo hazina ambayo daftari la herufi linayo kwa mtoto wa Kiswahili, na sijaona tuisheni nyingi zikiitumia. Neno likishakuwa la kwetu, maana anayo, sauti anayo, na kilichobaki ni kumwonyesha lilivyovaa lilikotoka. Tazama:

Bucha, mechi, swichi, klachi, kichen pati. Kwa Kiingereza yote yana "tch" ndani: "butcher", "match", "switch", "clutch", "kitchen". Kijana wa bodaboda anayeshughulika na klachi kutwa nzima hahitaji kuelezwa maana. Anaongeza t kabla ya ch, amemaliza.

Jaji, friji, beji, bajeti. Yote yana "dg": "judge", "fridge", "badge", "budget".

Saini, dizaini, kampeni. Yote yanaficha g kabla ya n: "sign", "design", "campaign". Hakuna sikio litakaloisikia hiyo g, lakini mtoto aliyeyaona matatu kwa pamoja haisahau.

Tiketi, jaketi, soketi, roketi. Zote zinaishia "cket".

Famasi, fizikia, jiografia. F yao huko ni "ph", kwa kuwa asili yake ni Kigiriki: "pharmacy", "physics", "geography". Mbili kati ya hizo ni masomo yatakayoandikwa kwenye jalada la daftari lake mwezi Januari, na ya tatu ipo kwenye mabango ya maduka ya dawa kila mtaa kuanzia Mbagala mpaka Tegeta.

Kemia, kwaya, Krismasi, teknolojia. Hapa k ya kwetu ni "ch" ya kwao: "chemistry", "choir", "Christmas", "technology". Mtoto anayeimba kwaya Jumapili akiambiwa kwamba "choir" ndiyo hiyo kwaya yake, atashangaa, na mshangao ule ndio utakaoifunga kumbukumbu.

Tahadhari moja. Njia hii si ya kufuatwa ukiwa umefumba macho. Televisheni na pensheni zinasikika sawa na stesheni, ila zenyewe zinaandikwa kwa s: "television", "pension". Na misheni ina s mbili, "mission". Kwa hiyo "tion" iwe ya kwanza, ikae wiki mbili, tatu, ikomae, ndipo "sion" iletwe.

Baada ya "tion" na hizo za maneno ya kuazima, naleta "ight", kwa kuwa ni familia aminifu. Ina mgeni mmoja wa kuvutia, "delight", ambalo asili yake halikuwa na gh kabisa. Lilitoka Kifaransa cha kale, likaandikwa "delite", na kwenye karne ya 16 watu wakaanza kulivisha gh ili lifanane na "light". Hata Waingereza wenyewe walivutwa na familia za herufi. Upande wa pili wa "ight" kuna tawi la "eight", ambalo husomeka "eit": "eight", "weight", "freight". Hili la mwisho limeandikwa kwenye mabango ya mawakala wa mizigo kila kona inayokaribia bandari yetu. Msaliti wa tawi hilo ni "height", linalosomeka "hait". Mfundishe peke yake, siku nyingine.

"Kn" inafuata. Hii haina maneno ya kuazima ya kutusaidia, lakini ni fupi na inaaminika: k haitamkwi popote mwanzoni. Mpe "know", "knee", "knife", "knock" na "knot". Kama nyumbani mnapika chapati mwongezee "knead", kukanda unga, alitaje huku akikanda. "Wr" ni hivyohivyo, w inakaa kimya: "write", "wrong", "wrist".

Sasa "ough". Hii ndiyo iliyokuwa ukurasa wa tatu wa daftari la yule kijana, na ndiyo ningeing'oa ningekuwa na ruhusa. Itazame ikiwa imepangwa:

"tough", "rough" na "enough" husomeka taf, raf, inaf;
"cough" husomeka kof;
"though" na "although" huishia na sauti ya ou;
"through" husomeka thruu;
"plough" husomeka plau;
"thorough" husomeka thara;
"thought" husomeka thot, kwa o ndefu.

Herufi ni nne zilezile na njia za kutamka ni saba. Chanzo ni ile gh ya kooni. Ilipokufa haikufa kwa namna moja. Kwenye maneno mengine ilitoweka kimya, kwenye mengine ikageuka f, na irabu iliyokuwa mbele yake ikashika njia tofauti kwa kila neno. Hii si familia yenye ufunguo mmoja. Ni ndugu waliotawanyika, kila mmoja akafuata lafudhi ya alikohamia. Kumfundisha mtoto "ough" kama kanuni ni kumwambia uongo, na atakuja kuugundua mbele ya wenzake.

Lakini ndani yake lipo tawi moja aminifu lenye faida kubwa, nalo ni "ought". Chukua "bought", "brought", "thought", "fought" na "sought". Yote husomeka kwa o ndefu na t, na yote ni vitenzi vya wakati uliopita: alinunua, alileta, alifikiri, alipigana, alitafuta. Mtoto anayeandika "buyed" na "bringed", na wapo wengi, anatibiwa makosa mawili kwa dozi moja, tahajia na sarufi. Tawi hilo anaweza kuanza nalo mwezi wa pili wa kujifunza. "Drought", yaani ukame, husomeka draut, basi liachwe mpaka walikute kwenye jiografia. Mengine ya "ough" yafundishwe moja moja, kila neno na sentensi yake, kama mtu anavyokariri majina ya wageni. Pia akikuta "plow" kwenye simu asishtuke. Ni tahajia ya Kimarekani, ya mkondo wa Noah Webster aliyechapisha kamusi yake kubwa mwaka 1828. Shuleni kwetu tunaandika "plough".

Gharama na muda

Hapa tofauti ni ndogo. Daftari la mada linahitaji vitu vya kuonyesha, na vipo nyumbani. La herufi linahitaji mtu wa kuchagua maneno na kuyahakiki kwenye kamusi, kwa sababu orodha iliyonakiliwa vibaya mara moja hunakiliwa vibaya miaka. Nimewahi kuletewa daftari ambalo "knock" lilikuwa limeandikwa "knok" na kuwekewa vema na mwalimu. Kama kamusi haipo nyumbani, Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed zipo za kusomea hapohapo. Wauza vitabu vya mitumba wa Posta nao hawakosi kamusi ya wanafunzi iliyochakaa jalada tu. Nusu saa kwa siku inatosha kwa daftari lolote kati ya hayo mawili. Saa mbili za Jumamosi peke yake hazitoshi kwa lolote.

Nani achague lipi

Anayetaka kuzungumza na watu, achukue la mada. Kijana wa bodaboda anayebeba wageni kutoka uwanja wa ndege anahitaji kulia, kushoto, nauli, chenji, foleni na samahani, na anayahitaji leo. Mama mwenye duka la vinyago vilevile. Hawa wakihangaishwa na k isiyosikika watakata tamaa kabla hawajafungua mdomo.

Anayeandika kazini, karani, mtunza stoo, anayejaza fomu za mizigo, achukue la herufi, tena aanze na maneno ya kazi yake. Nimeshaona bango la duka la vifaa vya ofisi limeandikwa "stationary" kwa a, neno ambalo maana yake ni kitu kilichosimama palepale. La vifaa vya kuandikia lina e. Ni herufi moja tu, lakini mteja anayejua ataitilia shaka risiti yako pia.

Mtoto mdogo aliye shule ya mchepuo wa Kiingereza tangu chekechea hana haja ya lolote kati ya haya kwa sasa. Asomewe hadithi kila usiku, asikie, acheze.

Kwa mtoto wa darasa la saba anayesubiri kidato cha kwanza, mimi nachagua la herufi, na sitafuni maneno. Kuzungumza kutakuja polepole kwa kuzungukwa na lugha, ingawa napo anahitaji msukumo. Kuandika hakuji chenyewe. Mtihani wa kwanza utamhukumu kwa kalamu. Ila la herufi nalitaka lirekebishwe: maneno machache, yenye maana, yakianzia kwenye maneno ya kwetu, na kila neno likiandikiwa sentensi inayomhusu yeye mwenyewe. Baada ya mwezi wa pili wa kujifunza aongezewe mizizi ya Kigiriki inayojaa kwenye sayansi, kama "bio" ya uhai, "geo" ya dunia, "photo" ya mwanga, "logy" ya elimu. Akizijua hizo nne, nusu ya majina ya masomo yake yanajieleza.

Ndivyo nilivyomwambia yule mama. Tukachukua kaunta buku jipya, tukapiga mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto neno la Kiswahili, kulia la Kiingereza, chini sentensi. Ukurasa wa kwanza ulianza na bucha, kwa sababu ipo moja pale kwenye kona ya mtaa wetu.

Tatizo lilikuwa imla. Mimi nilikuwa naye mara mbili kwa wiki, siku nyingine angesomewa na nani? Mama yake aliishia darasa la saba na alikuwa na hakika hawezi. Nikamwambia ayasome maneno kama Kiswahili, herufi kwa herufi, bila aibu. Kumbe hiyo ndiyo ikawa dawa nzuri kuliko yangu. Mtoto akisikia k-ni-fe, mkono wake unajua kila herufi ya kuandika, kisha mdomo wake unalirudisha neno kwa matamshi yake. Kile kilichowachekesha watu darasani kikawa kamba ya kuvutia tahajia.

Nilipita kwao wiki ya mwisho ya Desemba, saa mbili usiku. Mlango ulikuwa wazi kwa joto. Mama amekaa kwenye kigoda na kaunta buku mapajani, kijana chini na karatasi.

"E-du-ka-ti-on," mama akasoma.

"Edyukeshen," kijana akajibu, akaandika.

"K-no-ko-ku."

"Mama, hiyo umeongeza. Ni nok. Hodi."

"Haya, hodi. Andika."

Akaandika.